Mkono Hadi Kiwiko

Mwamini, mwanangu,

Hujaondoka bado. Nakusikia huko jikoni ukicheka na mama yako. Mnafunga sanduku, mnalifungua tena, kwa sababu kila mkilifunga anakumbuka kitu kingine cha kutia. Mimi niko barazani, nimesogeza kiti karibu na mlango ili nitumie mwanga uliobaki, nakuandikia kana kwamba umeshafika Kindu na kati yetu kuna mto na msitu. Kuna mambo ambayo mzazi hawezi kumwambia mtoto aliye chumba cha pili. Akifungua mdomo anajikuta anauliza kama mboga imetiwa chumvi. Mama yako ameniona na kalamu mkononi, akapita bila kunichokoza, jambo ambalo si kawaida yake.

Maagizo ya safari sitayarudia. Mama ameshayamaliza: maji ya kunywa, chandarua, simu, marafiki, wanaume wa Kindu. Kila nilipofikiri amesahau kitu, nilimsikia akikisema kwa mara ya pili. Mimi nina jambo moja tu, na hilo unalijua. Ulikuwepo. Nakuandikia kwa sababu katika nyumba hii hatujawahi kulitaja waziwazi, na aliyezuia lisitajwe ni mimi.

Juzi tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, pikipiki itapita Nyangwe. Nisimame kwa shangazi?" Nikaendelea kutafuna. Ukangoja kidogo, kisha ukarudisha macho kwenye sahani. Barua hii ndiyo jibu, ingawa nitalianzia mbali.

Nalianzia bwawani. Watu wanaliita bwawa la baba Mwamini, nami nimewaacha waliite hivyo miaka yote, lakini tulilichimba wawili, mimi na shangazi yako Sakina. Nusu ya udongo ule uliondoka juu ya kichwa chake, beseni kwa beseni, akiimba nyimbo za harusi ili nisipumzike. Shamba la juu lilikuwa lake, la chini langu, tumegawiwa na baba yetu. Mfereji uliotoa maji kijitoni ulipita kwake kwanza, ndipo ukaingia bwawani.

Aliyetufundisha kufuga samaki alikuwa bwana mmoja wa kilimo aliyezunguka kwa baiskeli. Siku ya kwanza alituambia tusiwalishe samaki, tulishe maji. Tulicheka mpaka akaudhika. Akatueleza kwamba samadi kidogo na majani yanayooza pembeni hunenepesha maji, na jua likiyapiga hugeuka kijani. Ule ukijani ni mimea midogo mno, macho hayawezi kuiona mmoja mmoja. Mimea inakula jua. Vidudu vinakula mimea, samaki wanakula vyote viwili, na sisi tunakula samaki.

"Kwa hiyo munakula jua," akasema. "Bwawa ni mutego wa jua, basi."

Kisha akakunja shati, akazamisha mkono ndani ya maji hadi kiwiko, kiganja kikitazama juu. Ukiona vidole vyote waziwazi, alisema, maji yana njaa, ongeza samadi. Kiganja kikipotea pale tu kiwiko kinapogusa maji, mambo ni sawasawa. Kikipotea mapema kuliko hapo, simama, usitie kitu chochote, kwa maana jua halifiki tena chini. Hiyo ndiyo elimu yote ya bwawa niliyonayo mpaka leo. Shangazi yako alileta ubishi kwamba mkono wake ni mfupi kuliko wangu, kwa hiyo samaki watashiba au watalala njaa kulingana na nani anayepima. Tukakubaliana kupima kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyepima, asubuhi baada ya asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mihogo yake.

Wewe ulikuwa mgongoni kwake wakati huo. Mama yako aliumwa baada ya kukuzaa, akalala kitandani muda mrefu, na Sakina ndiye aliyekubeba. Unabeba jina la mama yetu, kwa hiyo hakukuita Mwamini hata siku moja. Alikuita mama. Nilikuwa naona raha kumsikia akigombana na wewe, "Mama, kula! Mama, acha kutupa bugali!" Nilijihisi kama mama yetu amerudi na bado ni mkaidi vilevile.

Sasa nifike mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Mwaka ule ulikuwa umeanza sekondari. Mfanyabiashara mmoja anayepeleka chakula Salamabila alishuka bondeni kuliona bwawa. Huko kwenye machimbo ya dhahabu watu hawana nafasi ya kulima wala kuvua, na vijito vyao vimegeuka tope la kuoshea mchanga. Jua haliingii, kijani hakioti, samaki hawana cha kula. Alitaka tilapia wakubwa wa kuuza huko wakati wa Idi. Wangu walikuwa bado wadogo. Nikamwambia akirudi atawakuta wakubwa. Nikarudi mjini nikamwambia kila mtu: jirani, fundi wa baiskeli, watu wa msikitini, hata wale ambao hawakuniuliza. Nilitembea Kasongo nzima na samaki ambao hawajanenepa.

Kuanzia hapo nikaanza kulisha bwawa kama mtu anayejaza gunia. Nilichukua pumba za mpunga kwenye mashine, viroba kwa viroba. Nilitia samadi ya mbuzi ikiwa mbichi. Nilitia majani ya mihogo, majani ya papai, mabaki ya jikoni. Zile pumba ziliporundikana pembeni, ukitia mkono ndani ya rundo ulikuta moto kama wa chai. Nilidhani ni baraka. Sikufahamu kwamba ule moto ulikuwa chakula kinachoungua bure, nguvu inayokwenda zake bila kupita kwa samaki hata mmoja.

Sakina akaniambia, "Ndugu yangu, unatia mingi. Maji iko nanuka."

Nikamjibu, "Yaya, wivu ndiyo iko nanuka."

Nilimwambia hivyo dada yangu mkubwa, aliyebeba udongo wa bwawa lile. Aliacha kuja kupima asubuhi, na mimi nikafurahi kwamba nimepata nafasi ya kufanya nitakavyo.

Halafu mawingu yakaja. Unayakumbuka, siku zile ambazo mpunga ulikataa kukauka na mama yako alikuwa akiingiza na kutoa mikeka mpaka akaikasirikia mbingu. Hapakuwa na jua. Jioni ya mwisho nilishuka bondeni peke yangu na kiroba cha pumba. Hili ndilo ambalo hulijui, Mwamini, wala mama yako halijui. Nilipiga magoti nikazamisha mkono. Kiganja kilipotea kwenye kifundo cha mkono. Maji yalikuwa mazito, yenye ukoko wa kahawia juu, na mkono wangu ulikatwa pale kana kwamba sina vidole. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimefundishwa maana yake. Nikautoa mkono, nikaupangusa kwenye suruali, nikamwaga kiroba chote.

Asubuhi wewe ndiwe uliyetangulia kuchota maji. Ulikuja mbio huku unaita, "Baba, samaki iko nahema juu! Inafungua kinywa tu!" Tulipofika, wale wakubwa walikuwa wameshageuka matumbo juu, weupe, wamesukumwa pembeni kwenye majani. Wengine bado walikuwa wakifungua na kufunga midomo juu ya maji. Watu wakakusanyika haraka kama kawaida yetu. Na baadhi yao ndio wale niliowatangazia.

Mtu mmoja akauliza, "Ni nani alitia sumu?"

Swali lile lilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Kila mmoja pale anajua kwamba maji yaliyoloweshewa mihogo michungu yanaua samaki. Shimo la mihogo la Sakina lilikuwa juu ya mfereji. Na yeye mwenyewe alikuwa anashuka kuja kuona kuna nini, beseni tupu kwapani. Nikanyoosha kidole.

"Mihogo ya yaya njo imeua samaki yangu."

Nakumbuka alisimama. Nakumbuka zaidi kwamba wewe ulisema, mbele ya watu wote, kwa sauti ndogo lakini bila kutetemeka, "Baba, mihogo ya shangazi ilishatoka mu shimo siku ya soko. Mimi na yeye tuliianika. Na kambale, mbona iko nzima?"

Ilikuwa kweli. Kambale walikuwa wanazunguka, wanapanda juu kuvuta hewa, wanashuka. Vyura walikuwa wazima. Samaki wadogo wengi walikuwa wazima. Sumu ingewaua wote, haichagui mkubwa na mdogo. Wewe hukuwa na elimu yoyote ya bwawa, ulitumia macho tu. Mimi niliyekuwa na elimu nilikugeukia.

"Nyamaza! Mutoto hasemi mbele ya wakubwa."

Ukanyamaza. Nimekuwa nikikisikia kile kimya chako tangu siku hiyo, hata juzi ulipouliza juu ya Nyangwe kisha ukatazama sahani.

Nilisema mihogo. Namshukuru Mungu sikusema zaidi, nilijiambia hivyo mara nyingi, na hiyo ndiyo aibu nyingine. Kwa maana neno langu halikubaki mihogo. Mchana lilikuwa sumu. Kesho yake watu walikuwa wanaulizana kwa nini mumewe alikufa mapema, kwa nini mtoto wa fulani alipata homa baada ya kula kwake. Kabla ya Ijumaa lilikuwa limekuwa lile jina ambalo sitaliandika hapa. Mwanamke mjane akishaitwa jina hilo hana mahali pa kwenda kulikanusha. Wanawake wakaacha kuchota maji chini ya shamba lake. Watoto wakawa wanapita mlangoni kwake mbio.

Jirani yetu Musafiri alinivuta pembeni akaniuliza, "Ni kweli wanavyosema juu ya yaya yako?"

Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi. Nilisema, "Mimi nilisema mihogo tu." Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akaenda zake na jibu lile, na unajua Musafiri akibeba jibu linafika wapi.

Sasa niandike juu ya njia ya bombani. Nimezunguka mpaka hapa ili nisifike, lakini ndipo ninapokwenda.

Tulikuwa tunapanda, mimi na wewe, umebeba bidoni. Sakina alikuwa anashuka na fungu la sombe, yale majani ya mihogo. Njia pale ni nyembamba, hakuna pa kuchepukia. Nyumbani nilikuwa nimeshakuagiza, kwa sauti ile ya baba isiyojibiwa: ukikutana naye, usimsalimu, watu wanatutazama. Alisimama ili atupishe. Akatabasamu kidogo, akakutazama wewe, si mimi.

"Mama, yambo," akasema.

Ulinitazama. Nikaweka mkono wangu begani kwako na kukusukuma mbele. Ukapita. Ulipita ukiwa umeinamisha kichwa, maji ya bidoni yakimwagika mgongoni kwako, na hukusema neno. Ilikuwa kana kwamba mama yetu ameitwa, akapita bila kuitikia salamu ya binti yake. Mimi ndiye niliyemfanya apite. Sikugeuka kumtazama Sakina, kwa hiyo mpaka leo sijui uso wake ulikuwaje. Nimeubuni mara nyingi sana, na kila mara ni mbaya zaidi.

Si muda mrefu baadaye akahama. Aliondoka nyuma ya baiskeli ya kukodi, amekumbatia beseni na mkeka, akaenda Nyangwe kwa ndugu wa mama yetu. Wanasema anakausha samaki kando ya Lualaba na kuwauzia wanaoshuka mitumbwini. Wanasema hajambo. Sijui, sijawahi kwenda kwake. Mara mbili nilifika Nyangwe kwa shughuli zangu na nikapita upande wa pili wa soko.

Shamba lake likabaki. Mwaka wa kwanza niliacha liote majani, kwa heshima, nilijiambia. Mwaka wa pili nikalifyeka. Sasa kuna bwawa la pili pale, unalijua, lile zuri lenye migomba. Karo yako imetoka humo. Sikuambii hivyo ili ubebe mzigo. Mzigo ni wangu, umewekwa juu yako bila kuulizwa. Lakini unakwenda kusoma kilimo kwa nguvu iliyotoka katika ardhi ya shangazi yako, na ni haki yako kujua unachokula kinatoka wapi. Hilo peke yake ndilo somo la bwawa.

Bado kuna siku moja ya kukukumbusha. Shangazi yako alikuwa ameshaondoka. Ulirudi shuleni umechangamka, ukachukua kaa jikoni, ukachora kwenye saruji ya baraza hapa nilipoketi. Ulichora jua. Ulichora kijani kama vidoti vingi, kisha vidudu, kisha samaki, kisha mtu mwenye tumbo, ukasema huyo ni baba. Katikati yao ukachora mishale. Mshale wa kwanza ulikuwa mnene, uliofuata mwembamba, na ule wa kumfikia baba ulikuwa uzi tu. Ukanieleza kwamba kila kiumbe anayepokea nguvu anaitumia nyingi kuishi, inatoka kama joto na hairudi, na anachompa mwenziwe ni mabaki. Ndiyo maana samaki wakubwa ni wachache na kijani ni kingi. Ukaendelea kusema kwamba mimea ya majini inatoa hewa nzuri mchana kukiwa na jua, lakini usiku nayo inavuta hewa kama sisi, na vinavyooza vinavuta pia, kwa hiyo alfajiri bwawa lililolishwa kupita kiasi linaweza kuishiwa pumzi, hasa siku za mawingu.

Ukanitazama. Hukusema jina la mtu.

Nikakwambia, "Futa hiyo, wageni wanakuja." Hapakuwa na wageni. Ulichukua kitambaa ukafuta, ukaanza na baba, ukamalizia na jua.

Nimeufikiria mchoro ule kuliko kitabu chochote. Nguvu inapopita kwa viumbe, kila mdomo unaoipokea unatoa pungufu. Neno langu lilikwenda kinyume. Kila mdomo ulioupokea muhogo wangu uliutoa mnene zaidi, kwa sababu kila mmoja aliuongezea hofu yake, na hofu hapa kwetu haikosekani hata siku za mawingu. Kama neno lingepungua kama jua linavyopungua, lingekufa kwa Musafiri. Lilikwenda mpaka likamhamisha mtu.

Leo adhuhuri nilikwenda kwa Musafiri. Nilitaka nianzie pale nilipoweza kulizuia. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia kwamba samaki wale niliwaua mimi, kwa pumba zangu, na kwamba nilijua tangu jioni yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa kicheko chake. Aliinua uso, akatafuta kumbukumbu.

"Samaki gani?" akauliza.

Nikamweleza. "Aa, ile maneno ya yaya Sakina," akasema. "Ile ya zamani! Sisi tulishasahau." Akarudi kwenye mpini.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimewaogopa watu hawa miaka yote, nimemtoa dada yangu sadaka kwa ajili ya macho yao, na wao wamesahau. Aliyehamishwa hakusahau, hilo nalijua bila kuambiwa. Hata hivyo nilimwomba Musafiri aje na wengine bwawani Ijumaa ijayo, niwaambie wote pamoja, pale niliponyooshea kidole. Amekubali, nadhani kwa udadisi zaidi kuliko haki. Haidhuru.

Kisha nikafanya ujinga wa mwisho, nao ndio umenifanya nichukue kalamu. Nilifunga samaki waliokaushwa katika majani ya mgomba, wale wazuri wa bwawa la pili, nikaongeza kitenge kipya, nikamwambia mama yako, "Mupe Mwamini. Akifika Nyangwe ampelekee shangazi yake. Amwambie baba anaomba musamaha."

Mama yako alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Uko natuma mutoto abebe haya yako?" akasema. "Sanduku yake iko nzito tayari."

Basi. Akaendelea na mboga. Unajua jinsi anavyosema jambo kisha akalipa mgongo. Nilisimama pale na lile furushi kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. Na fikiria furushi lenyewe, Mwamini. Nilikuwa nampelekea zawadi ya samaki waliofugwa katika shamba lake mwenyewe.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Ndiyo, utasimama Nyangwe. Lakini hutabeba salamu zangu, wala samaki, wala musamaha. Nimezungumza na kijana wa pikipiki, amesema akikaza sanduku vizuri tutatosha. Nitakaa nyuma yako mpaka Nyangwe. Wewe utavuka mto ukaendelea na safari yako, mimi nitarudi au nitabaki, kadiri shangazi yako atakavyoamua. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako, uisome kabla ya kuondoka. Ukiona hutaki nikufuate, niambie tu asubuhi. Sema kwa sauti, hata kama kuna watu. Sitakunyamazisha.

Wewe una deni lako dogo la salamu, na najua limekukaa moyoni, nilikusikia mara moja ukimweleza mama yako. Lile si lako. Ulikuwa mtoto, na mkono ulikuwa wangu. Lakini ukitaka kumwitikia sasa, mwitikie kwa namna utakavyo wewe, kwa wakati wako, bila kunitazama kwanza.

Juu ya shamba nitasema mwisho, kama atanipa nafasi ya kufika mwisho. Ni lake, na migomba, na samaki waliomo. Sitaki kuanza na hilo, lisije likaonekana ni bei.

Huko chuoni watakufundisha mambo ya maji na jua kwa majina makubwa, na siku moja utarudi uniambie tena nimekosea, kwenye mabwawa au kwenye jambo jingine. Chora popote utakapo. Nimeshamwambia mama yako kaa lisikosekane jikoni.

Mwanga umekwisha, sasa naandika kwa kukisia mistari. Nakusikia unaniita nije kula. Nakuja. Nitaketi mbele yako na nitauliza kama mboga imetiwa chumvi, nivumilie.

Kesho tukifika mlangoni kwake, kaa nyuma yangu. Akikuona wewe kwanza atafungua haraka, na mimi nitaingia kwa mgongo wako kama mwizi. Acha nitangulie. Nitasimama peke yangu na kusema, "Hodi, yaya." Atanijua kwa sauti. Labda atanyamaza, na kimya kile kitakuwa kirefu, na utaona aibu kwa niaba yangu, na utatamani kuita, "Shangazi, ni mimi, Mwamini!"

Usinisaidie.

Baba yako